Chini ya Ulinzi

Siegbert Manasse alikata roho Alhamisi asubuhi, mkewe akiwa kwenye foleni ya maji ya moto. Recha aliporudi na birika, akipanda ngazi polepole asije akamwaga, alimkuta binti yao Thea amesimama mlangoni. Chumba chenyewe kilikuwa hatua sita kwa nne, na kile kikohozi kilichokijaza tangu baridi ianze kilikuwa kimenyamaza.

Recha aliweka birika sakafuni. Akamfumba mumewe macho, akamvuta blanketi mpaka kidevuni, kisha akabaki amemtazama kama anayemngoja amalizie maneno.

"Alisema kitu?"

"Alikuulizia. Nikamwambia umeenda maji. Akasema, 'Mwambie mama yako, kumi.' Basi, hakusema tena."

"Kumi," Recha akasema. "Najua."

Alijua vizuri. Kwa Wayahudi, sala ya kumwombea marehemu kaburini haisemwi mpaka watimie wanaume kumi. Wakiwa tisa, wanasimama na vitabu vyao mikononi wakitazamana. Siegbert hakuwa mtu wa dini sana. Huko kwao Königsberg alifungua duka lake la kutengeneza miamvuli hata siku ya Sabato. Lakini tangu washuke melini Shanghai na masanduku yao mawili, kila mtu katika vichochoro vya Hongkew alijua kwamba sala ikipungukiwa na mtu mmoja, ukamgongee fundi miamvuli. Aliacha supu yake mezani, akavaa kofia, akaenda. Alikwenda kwenye misiba ya watu asiowajua hata majina. Wakamwita Bwana Kumi, yeye akacheka, na jina likamganda.

Juzi yake, homa ilipompa nafasi ya kupumua, alimshika Recha mkono. "Kurt hayupo," alisema. Kurt alikuwa mtoto wao wa kiume. Barua yake ya mwisho ilitoka Amsterdam, na ilikuwa imetimiza miaka mitatu. "Hayupo wa kunisomea. Nitafutie kumi, Recha. Nimekuwa wa kumi kwa watu wote hawa. Usinifukie kimyakimya kama paka."

"Utapona, acha maneno," Recha alimwambia, na wote wawili walijua anadanganya.

Tatizo halikuwa watu. Kumi wangepatikana katika kichochoro kimoja. Tatizo ni kwamba makaburi yalikuwa nje ya mpaka. Tangu Wajapani watoe tangazo lao na kuwarundika wakimbizi wote katika mitaa ile michache, huvuki bila kibali, na vibali vilitoka kwa mtu mmoja. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Jua likizama Sabato inaingia, na Sabato haizikwi maiti.

Bibi Shen, muuza maji ya moto wa chini, alipanda ngazi bila kuitwa, ndoo mbili begani. Aliweka ndoo, akamtazama marehemu, akajipangusa uso kwa aproni.

"Ya kumwoshea," alisema kwa Kijerumani chake cha kuokoteza.

Recha akaanza kupapasa mfukoni, anatafuta vile vijiti vya mianzi vya kulipia maji.

"Weka huko!" Bibi Shen akafoka. "Leo siuzi maji. Nenda kafanye mambo yako, mama. Mimi nitakaa naye na binti."

*

Ofisi ya vibali ilikuwa ghorofa ya kwanza, na foleni yake ilianzia barabarani. Watu walimwona Recha na kola ya koti iliyochanwa kwa desturi ya msiba, wakampisha bila neno. Katika foleni ile, ambayo watu waligombania nafasi ya unyayo mmoja, huo ulikuwa upendo mkubwa.

Afisa wa vibali alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Bwana Muhuri, kwa sababu muhuri haukumtoka mkononi kutwa nzima. Alisemea kwa muhuri, aligongea meza kwa muhuri, na siku akikasirika alimgonga mtu nao kwenye paji la uso, mtu akarudi kwake na wino kichwani. Asubuhi hiyo alikuwa amemsimamisha profesa mzee na kumfanya asome ombi lake kwa sauti mara tatu, kisha akamwambia sauti yake inamuudhi, arudi wiki ijayo.

"Huyu anataka nini?" akauliza.

Mkalimani wake, Oskar Lewin, alikuwa mkimbizi kama wenzake, mtu mwenye mabega ya kuomba radhi. "Mumewe amefariki, bwana. Anaomba vibali vya mazishi. Watu kumi na wawili."

"Kumi na wawili! Wanakwenda kuzika au kucheza mpira?"

Oskar alitafsiri akitazama sakafu.

"Mwambie mimi, binti yangu, na wanaume kumi," Recha akasema. "Dini yetu inataka wanaume kumi."

Bwana Muhuri alisikiliza, akaegemea kiti. "Basi dini yenu ije ipange foleni iombe kibali." Akajichekea mwenyewe. "Mazishi ni shimo na mtu wa kulia. Wa kulia anatosha mmoja. Mke ataenda. Maiti nitamsamehe, apite bila kibali."

Ulikuwa wakati wa kuinama, kama kila mtu alivyoinama mbele ya meza ile, aliyepewa na aliyenyimwa. Recha hakuinama. Hakuwa amepanga kutoinama. Mgongo wenyewe ulikataa.

"Mbona hainami?"

"Mgongo unamuuma, bwana," Oskar akasema haraka.

"Unamwambia nini?" Recha akamuuliza.

"Nimemwambia mgongo unakuuma, Bibi Manasse. Tafadhali."

"Hauniumi. Mwambie mgongo wangu mzima."

Oskar hakutafsiri, lakini kuna mambo hayahitaji mkalimani. Bwana Muhuri alimtazama Recha, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, ndani ya koti la mumewe lililomfika vifundoni. Tabasamu likamtoka.

"Andika," akamwambia Oskar. "Mfiwa mmoja. Chini ya ulinzi. Asije akatoroka akaolewa huko mjini." Akaupigilia muhuri kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka. "Mwingine!"

*

Walinzi wa mipakani hawakuwa Wajapani. Hilo ndilo lililouma kuliko yote. Wajapani walikuwa wamewaamuru wakimbizi wajilinde wenyewe: kila mwanaume mwenye nguvu alivaa kitambaa mkononi saa kadhaa kwa wiki, akashika kamba iliyokatiza barabara, akakagua vibali vya jirani zake na kuandika majina ya waliochelewa. Mkuu wa walinzi wa upande wa Recha alikuwa Egon Blaustein, aliyekuwa na bucha Vienna, na Recha alikuwa hajamsalimu kwa wiki sita. Thea alikuwa na kazi katika kiwanda cha vifungo nje ya mpaka. Jioni moja mwezi wa Novemba alirudi amechelewa robo saa, Blaustein akaliandika jina lake, na Thea akalala siku tatu katika mahabusu yenye chawa. Alitoka na upara, ilibidi wamnyoe. Siku hiyo Recha alisimama katikati ya Mtaa wa Chusan na kumwita Blaustein mbwa wa kuchungia ndugu zake, watu wakisikia.

Sasa kibali kilisema chini ya ulinzi, na mlinzi hutoka kwa Blaustein.

Alimkuta kwenye kibanda chao cha zamu, anapashia mikono juu ya jiko la makaa ya udongo. Alikuwa mnene zamani. Ngozi ilikuwa bado inangoja mwili urudi. Alipomwona akasimama.

"Bibi Manasse. Nimesikia. Pole sana. Alikuwa mtu..."

"Sikuja kupewa pole na wewe." Akamwekea karatasi mezani. "Soma. Nakwenda kumzika mume wangu chini ya ulinzi, kama mwizi wa kuku. Nimeambiwa mlinzi anatoka kwako."

Blaustein alisoma midomo ikicheza. "Huyu mtu hana haya," akasema kwa sauti ya chini. "Haya. Nitakupangia mlinzi mmoja, mtu mpole. Saa ngapi?"

Recha alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama. Akarudi, akaivuta karatasi, akaisoma tena neno kwa neno, kidole kikifuata.

"Mmoja imeandikwa wapi?"

"Nini?"

"Umesema mlinzi mmoja. Hapa pameandikwa mfiwa mmoja, chini ya ulinzi. Mlinzi mmoja imeandikwa wapi? Nionyeshe."

"Huwa ni mmoja, Bibi Manasse."

"Sikuulizi huwa inakuwaje. Nakuuliza imeandikwa wapi."

Blaustein akamwelewa. Ilimchukua muda, na Recha aliuona ule uelewa ukimwingia, na woga ukiingia nyuma yake. Alienda akafunga mlango wa kibanda.

"Usiniambie hivyo," akasema. "Nina mke. Nina pacha hawajafika miaka minne. Ukiingia mahabusu ile wakati huu wa baridi unatoka na homa ya chawa, na baada ya wiki mbili unazikwa. Mwanao alipona kwa bahati."

"Unanisimulia mimi ya mwanangu?"

Blaustein akainamia jiko.

"Mimi sikuombi, Egon," Recha akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Nakukumbusha tu. Mama yako alipokufa, mvua ile ya Juni kabla ya tangazo, mlikuwa tisa. Ulituma mtu kwetu. Siegbert alikuwa na homa, anatetemeka kitandani, nikamwambia ukitoka utakufa. Akaniambia, 'Na yule bibi atalala bila sala kwa ajili ya homa yangu?' Nilimvalisha viatu mwenyewe. Ulimwona kaburini amejishika kwenye mti. Ulimwona au hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi. Kesho saa nne asubuhi mkokoteni utakuwa mlangoni kwangu. Mwenye kupanga walinzi ni wewe, si mimi."

"Na kama nikipanga mmoja?"

"Nitakwenda na mmoja," Recha akasema. "Na nitakupita barabarani kama nilivyokupita wiki hizi sita, mpaka nife, au ufe wewe."

*

Ijumaa mvua ilikuwa nyembamba na ya baridi, ile inayoingia mifupani bila kulowesha nguo. Watu wa chama cha mazishi walimwosha Siegbert kwa maji ya Bibi Shen, wakamvisha sanda, wakamlaza katika jeneza la mbao za masanduku ya chai. Mkokoteni ulivutwa na Wachina wawili, ambao hawakuhitaji kibali cha mtu kutembea katika mji wao.

Saa nne ikafika. Hakuna mlinzi.

"Mama," Thea akasema. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kuficha nywele zilizoanza kuota. "Usiwangoje hao."

"Bado."

"Mtu aliyeniweka mahabusu kwa robo saa, ndiye unayemtegemea?"

"Simtegemei. Namngoja tu."

Saa nne na robo, akatokea Blaustein kwenye pembe ya kichochoro, peke yake, kitambaa cha ulinzi mkononi, kofia mpya ya msiba kichwani. Moyo wa Recha ulishuka, lakini hakuuruhusu ufike usoni. Ndipo nyuma yake akatokea mwingine, mtengeneza saa wa Mtaa wa Ward. Na mwingine. Wakaja wawili wawili, kama watu walioamua jambo na hawataki kulizungumza tena, kila mmoja na kitambaa chake mkononi, na firimbi shingoni. Madirisha yakaanza kufunguka. Bibi Shen alitoka dukani na kata yake ya maji, akasimama mdomo wazi.

Recha aliwahesabu. Tisa.

"Wa kumi alikuwa Fritz Kanter," Blaustein akasema bila kumwangalia. "Mkewe amejifungia naye ndani na ufunguo kauficha. Simlaumu. Nimezunguka kote tangu alfajiri. Wenye zamu leo ndio hawa, ukiacha mshika kamba."

"Tisa," Recha akasema.

"Tisa. Samahani."

"Twende," akasema Recha. "Afadhali tisa wanaotembea kuliko kumi waliojifungia."

Wakaondoka. Kichochoro kizima kilitoka nje. Wanaume walivua kofia, wakavaa tena wakikumbuka kwamba kwao heshima ni kuvaa. Thea alishika ubao wa mkokoteni mpaka kwenye kamba ya mpakani, na hapo ilibidi auachie. Kibali kilikuwa cha mfiwa mmoja.

Aliyeshika kamba siku hiyo alikuwa kijana Pinkus, mwanafunzi wa udaktari wa meno, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipoona walinzi tisa wanamjia alidhani amefanya kosa, akaanza kujieleza. Lakini karibu naye, chini ya paa la duka, alisimama askari wa Kijapani na bunduki yake, mtu mzima mwenye mvi masharubuni. Kwa kawaida hapakuwa na askari pale.

Askari alinyoosha mkono. Recha akampa karatasi. Aliisoma. Akamtazama Recha. Akawatazama walinzi, akiwahesabu kwa kidole kama mtu anayehesabu mabunda, na hakika alifika tisa. Akauliza kwa Kiingereza kibovu, lugha ambayo pale kila mtu aliisema vibaya kwa namna yake:

"Mfungwa mmoja. Walinzi tisa?"

Mvua ilisikika juu ya jeneza. Recha akasema moyoni, basi, imeishia hapa. Ndipo Blaustein akapiga visigino pamoja.

"Ni mwanamke hatari sana, bwana," akasema.

Askari alimgeukia Recha. Alimtazama kuanzia viatu vyake vya mbao, koti la mumewe, kola iliyochanwa, mpaka macho, ambayo yalikuwa makavu na hayakukwepa. Alimtazama muda mrefu. Kisha alilitazama jeneza, na kitu kikapita usoni mwake, ambacho Recha baadaye alimwelezea Thea mara nyingi bila kuridhika na maelezo yake. Huenda alikuwa amezika. Huenda alikuwa mjinga tu. Huenda alikuwa amekaa Shanghai muda wa kutosha kujua Wayahudi wanazikaje.

"Kama ni hatari," akasema, "tisa hawatoshi." Akamshika Pinkus begani, akamsukuma barabarani. "Wewe pia. Nenda. Kamba nitashika mimi."

Pinkus alikodoa macho. Thea, nyuma ya kamba, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sauti iliyomtoka watu hawakujua kama ni kilio au kicheko.

*

Walimzika Siegbert saa sita na nusu. Ardhi ya pale ni ya maji, na shimo lilikuwa limeshaanza kujaa. Wavuta mkokoteni waliyakomba maji kwa ndoo kwanza. Wanaume kumi walisimama kulizunguka kaburi na vitambaa vya Wajapani mikononi. Blaustein alianza kukifungua chake ili asome sala bila kitambaa kile. Recha akamkataza.

"Kiache," akamwambia. "Umekuja nacho. Aone tumemletea nini."

Mwana wa marehemu ndiye anayestahili kusoma. Blaustein alisoma kwa niaba ya Kurt, kwa sauti nene ya buchani, akikosea palepale watu wote wanapokosea, na wale tisa wakaitikia Amina kwa nguvu mpaka kunguru wakaruka ukutani. Waliitikia kama watu waliokaa miaka miwili wakinong'ona. Recha hakulia mpaka udongo wa kwanza ulipogonga ubao. Hapo alilia waziwazi, kwa sauti, bila kujishika, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kumi na mmoja wakarudi kabla ya saa tisa. Askari aliwarudishia kamba yao, akaondoka zake.

*

Habari ilimfikia Bwana Muhuri Jumapili. Mtaa mzima ulikuwa unaisimulia, na wapo wanaosimulia hata kwa wasiotakiwa kusikia. Jumapili hiyohiyo alimwita Blaustein, akamchapa makofi mbele ya watu, akamvua ukuu wa walinzi. Hakumweka mahabusu. Watu walisema alishindwa kuandika kosa, maana kosa lingemtaja askari wa jeshi, na jeshi lilikuwa kubwa kuliko muhuri. Blaustein alipita kwa Recha jioni, mashavu mekundu, akakaa kwenye kigoda cha waombolezaji.

"Umeumia?" Recha akamuuliza.

"Vienna nilipigwa teke na punda wa kuvuta nyama. Hili si kitu." Akamgeukia binti. "Thea. Ile robo saa. Nilimwogopa Bwana Muhuri. Sina sababu nyingine ya kukupa."

Thea alimtazama muda, akamsogezea kikombe cha chai. Hakusema amemsamehe. Lakini nyumba nzima kikombe chenye sukari kilikuwa hicho kimoja tu.

Jumatatu wito ukaja kwa Recha. Ilikuwa siku ya nne ya msiba, na mfiwa hatoki nyumbani mpaka siku saba ziishe.

"Usiende," Thea akasema. "Mwambie Oskar una homa."

"Mimi sina homa."

"Mama, atakupiga."

"Basi atapiga mtu aliyesimama," akasema Recha, akavaa koti.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko Alhamisi. Walimfungulia njia mpaka juu. Bwana Muhuri hakumngoja afike mezani. Alisimama, akaanza kupiga kelele, na Oskar akakimbiza maneno nyuma yake. Kwamba amelidharau tangazo. Kwamba amewafanya walinzi wa dola kuwa wachekeshaji. Kwamba atatubu, hapa, sasa hivi, mbele ya watu hawa wote, mlango ukiwa wazi, wote wasikie. Aseme: nimekosa.

"Useme tu, Bibi Manasse," Oskar akanong'ona. "Ni neno moja. Kisha uende zako."

Recha alivuta pumzi. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ngazi ile ilikuwa kimya mpaka chini barabarani.

"Nimemzika mume wangu," akasema.

"Siyo hilo! Aseme amekosa!"

"Nimemzika mume wangu, Siegbert Manasse, fundi miamvuli. Nimemzika na watu kumi."

Bwana Muhuri alizunguka meza. Akamzaba kofi. Kichwa cha Recha kiligeuka upande, kofia ikaanguka. Hakuiokota. Alikirudisha kichwa chake mahali pake, akamtazama.

Afisa akarudi mezani, akafungua kabrasha, akatoa kibali cha Thea cha kiwandani kilichokuwa kinangoja kuongezwa muda, akakichana mara mbili, akavitupa vipande. "Binti hatoki tena. Mkale udongo. Mtoeni."

Recha akageuka aondoke. Mlangoni, wa kwanza katika foleni, alikuwa yule profesa aliyefukuzwa wiki iliyopita. Aliinama, akaokota kofia, akampa. Kisha akasema kwa Kiebrania, kwa ile sauti iliyomuudhi afisa, maneno wanayoambiwa wafiwa: Mungu akufariji pamoja na wote wanaoiombolezea Sayuni na Yerusalemu.

Aliyekuwa nyuma yake akasema hivyohivyo. Na aliyemfuata. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema. Maneno yakateremka ngazi kabla ya Recha, mdomo kwa mdomo, wazee na vijana, wanaosali na wasiosali, wengine kwa Kiebrania cha kubabaisha, mpaka barabarani yakawa kama mvumo.

"Wanasema nini?" Bwana Muhuri akapiga meza. "Wanasema nini hao? Nyamazeni!"

Oskar Lewin alisimama wima. Ilionekana ni mrefu kuliko watu walivyodhani.

"Wanampa pole, bwana," akasema. "Ana msiba." Kisha naye akamgeukia Recha, akasema maneno yale yale, polepole, hakuruka hata moja.

Afisa alipaza sauti, akatishia, akaubamiza mlango, akaufungua tena. Hawakunyamaza mpaka Recha alipofika chini, naye hakuharakisha hatua. Ofisi ikafungwa siku ile. Hakuna aliyepata kibali, na sijasikia hata mmoja aliyelalamika.

Thea alikuwa amesimama dirishani. Aliposikia hatua ngazini alikimbia kufungua mlango. Aliona alama za vidole vinne shavuni mwa mama yake.

"Amekufanya nini?"

"Amechana kibali chako. Kazi ya vifungo imekwisha. Jumatatu ijayo tutaanza kutengeneza miamvuli, mimi na wewe. Vyuma vipo, na humu ndani ya mpaka mvua inanyesha kama kwingine."

"Nakuuliza wewe, mama. Wewe amekufanya nini?"

Recha alivua koti la mumewe, akalikung'uta, akalitundika.

"Mimi nimepewa pole na watu mia mbili," akasema. "Hebu sogea nikae. Msiba wangu una siku tatu bado."